Wageni wa Matopeni Wafunga Safari: Somo la Kutazama Ndege Mwezi wa Machi na Aprili

Ikifika katikati ya Machi, kaskazi imechoka, joto limezidi, na kila mtu anatazama mawingu akijiuliza masika yataanza lini. Wakati huo huo kule Mida, karibu na Gede, kwenye yale matope yanayobaki wazi maji yakipwa, ndege kwa maelfu wanakula kama watu walioambiwa kesho hakuna soko. Si ulafi. Wanafunga safari. Kufikia mwanzo wa Mei wengi wao watakuwa wameondoka, na ukienda kuwatafuta utakuta tope, kaa na maji.

Somo la leo linaviomba vikundi vyetu vitoke kwenda kuwatazama kabla hawajaondoka. Tunajua kazi ni nyingi. Mashamba yanangoja mvua, kuni hazijiokoti zenyewe, na mkutano wa kikundi wenyewe huanza saa nzima baada ya saa iliyotangazwa. Lakini kuna jambo. Mara nyingi mpango unapoletwa barazani juu ya ardhi ya ufuoni, iwe ni ya kutengeneza chumvi, mabwawa ya kufuga kamba au ploti za kujenga, mtu husimama akasema: "Pale si kitu, ni tope tupu." Wenyeji wanajua si tope tupu. Lakini wakiulizwa pana nini, wanajibu, "Kuna ndege." Ndege gani? Wangapi? Wanakuja mwezi gani na kuondoka mwezi gani? Hapo watu hutazamana. Kikundi chenye daftari la ndege la miaka mitatu kingekuwa na jibu la kusoma mbele ya watu. Daftari hilo ndilo tunalotaka lianze mwezi huu.

HAWA WAGENI NI AKINA NANI?

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na upande wa bara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya mkono huo hubaki mchanga na tope, na ndani ya tope mna kaa, minyoo na konokono wasiohesabika. Hiyo ndiyo meza ya wageni.

Kwa mtu anayeanza, wote ni "vile vijindege vya kijivu vinavyokimbia-kimbia." Msivunjike moyo. Hata wataalamu hubishana juu ya hao wadogo. Anzeni na watatu tu, mwajue vizuri, wengine watafuata.

Wa kwanza ni ndege wa kaa. Huyu hakosewi. Ni mkubwa kadiri ya kuku mdogo aliyepewa miguu mirefu, mweupe pe, na mgongo mweusi kama aliyejitupia shuka. Mdomo wake ni mweusi na mnene, mfano wa kisu kifupi, na kazi yake ni kuvunja kaa. Ndege huyu hazalii kwetu. Huzalia kwenye fukwe za mchanga za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Huko huchimba shimo refu mchangani akataga ndani yake, mbali na jua kali, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Moja! Mtoto akishatoka hulishwa na wazazi kwa muda mrefu sana, hata baada ya familia kusafiri. Ukitulia pale Mida unaweza kumwona kijana wa rangi ya kijivu-kijivu akimfuata mzazi wake huku analialia apewe kaa. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, si zaidi. Wazee wetu wanakumbuka majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Oman na Ghuba na kurudi na kusi. Huyu naye hurudi kuzaa huko huko wakati kusi inapoanza, ila yeye halipi nauli.

Wa pili ni sululu. Ni wa rangi ya udongo mkavu, mwenye madoadoa, na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Huutia kwenye shimo la kaa mpaka machoni. Sauti yake ni mluzi wa haraka unaorudiwa kama mara saba mfululizo, na wavuvi wote wanaijua hata kama hawajawahi kumtazama mwenyewe. Kwao ni nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya na Urusi.

Wa tatu ni mdogo, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo nchani. Uzito wake haufiki gramu 100. Mwezi wa Januari yeye ni kijivu juu na mweupe chini, hana la kutajwa. Lakini Machi anaanza kubadilika. Kwanza madoa mekundu kifuani, halafu wiki hadi wiki wekundu unaenea mpaka Aprili ni mwekundu kama tofali lililochomwa. Ni nguo za arusi hizo. Huyu huzalia kaskazini kabisa mwa Urusi, Siberia, kwenye nchi isiyo na miti ambapo udongo wa chini haukosi barafu. Kutoka Mida hadi huko ni zaidi ya kilomita 8,000, na anakwenda kwa mabawa yake mwenyewe.

Hii ndiyo sababu tunasema mtoke sasa wala si Novemba. Novemba ndege wapo, lakini wote wamevaa nguo za kazi na ni vigumu kuwatenganisha. Machi na Aprili wanajitambulisha wenyewe. Kuna mwingine, mnene kidogo, wa kijivu, anayesimama peke yake akingoja mnyoo. Tumbo lake hugeuka jeusi tititi mwezi huu. Mkimwona mwenye tumbo nusu jeusi nusu jeupe, msidhani ni ndege mpya. Amepatikana katikati ya kubadilisha shati.

Habari isiyo nzuri ni kwamba hao wawili wa mwisho, yule mwekundu na yule wa tumbo jeusi, mwaka 2024 waliwekwa katika kundi la ndege walio hatarini duniani. Wanapungua. Safari yao ina vituo vingi vya kulia chakula kando ya bahari na maziwa, na kituo kimoja kikifukiwa au kukaushwa, walio njiani hawana petroli ya kufika kituo cha pili. Mida ni kituo kimoja katika mlolongo huo. Hatuwezi kulinda vya watu wengine. Hiki kiko mikononi mwetu.

MBONA WASIKAE TU HAPA?

Watoto huuliza swali hili, na ni swali la maana. Chakula si kipo? Kaa si wapo mwaka mzima?

Chakula kipo, lakini fikirini kwamba hapa kwetu mchana na usiku ni sawa-sawa, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Huko kaskazini ya mbali baridi inapokwisha, mchana unarefuka, unarefuka, mpaka mwezi wa Juni jua halitui kabisa. Theluji inayeyuka, maji yanatuama kila mahali, na wadudu wanatokea kwa wingi usiosemeka. Ndege anaweza kulisha watoto wake usiku na mchana. Tena nafasi ni tele, na wanyama wa kuwala watoto wake ni wachache kuliko kwetu. Kwa hiyo wanafika mwanzoni mwa Juni, wanataga, wanalea upesi upesi, na kufikia Agosti wakubwa wa kwanza wamekwisha kurudi hapa. Huo ni mwezi mmoja na nusu hivi wa kazi, halafu njia tena.

Wanajuaje siku ya kuondoka? Mwili wao unapima urefu wa mchana, na njiani wanafuata jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Nabii Yeremia, mlango wa 8 mstari wa 7, anawataja ndege wanaojua majira yao ya kuja, akiwasuta watu wasiojua ya kwao. Aliishi kwenye nchi iliyo katika njia kuu ya ndege wasafiri, kwa hiyo alikuwa anasema jambo aliloliona kwa macho.

Si wote wanaoondoka. Waliozaliwa mwaka jana mara nyingi hubaki hapa mpaka wakomae. Kwa hiyo mkiwakuta wachache mwezi wa Julai msiseme, "Hawa wamechelewa basi." Ni vijana.

JAMBO LA KWANZA NI MAJI

Vikundi vingi vikipanga kutoka huuliza, "Tuende siku gani?" Kwa ndege wa matopeni swali la kwanza ni hali ya maji. Mkienda yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali huko, ni nukta tu. Mkienda yamejaa kabisa, wamekwenda kulala mikokoni au kwenye kisiwa cha mchanga. Wakati mzuri ni maji yanapopanda. Kila dakika meza ya chakula inakuwa ndogo, na ndege wanasukumwa kuja karibu na nchi kavu, karibu na ninyi.

Chagueni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, au siku moja mbili baadaye. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Basi Jumamosi iliyo karibu na bamvua, fikeni saa saba na nusu au saa nane, mkae chini, ngojeni maji yawaletee. Siku za maji mafu tope halifunikwi vizuri na ndege hawana haja ya kusogea. Saa hizi si za kusoma kwenye karatasi tu. Mwulizeni mvuvi wa hapo. Kalenda yake inapita ile ya ukutani.

Jua la alasiri liko magharibi. Kwa hiyo simameni upande wa bara, jua likiwa mgongoni. Mkisimama upande wa pili mtaona vivuli vyeusi, na mtarudi nyumbani mkibishana rangi.

Onyo: msiingie ndani ya tope. Linazamisha mguu, na maji yakipanda hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, ukajikuta kwenye kisiwa. Watoto wakae na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine.

Watu kumi wanatosha. Wakiwa ishirini inakuwa harambee. Nguo za rangi ya majani au udongo ni bora, na leso nyekundu au nyeupe mno ibaki nyumbani siku hiyo. Usinyooshe mkono juu kuonyesha. Sema kwa sauti ndogo: "Kushoto kwa ule mkoko mdogo, wawili." Darubini moja inatosha kwa kikundi chote, mradi kamba yake iwe shingoni mwa anayeitumia, na kila mtu aangalie kwa dakika yake kisha ampe mwenzake. Bila darubini pia mnaweza. Ndege wa kaa na sululu wanaonekana kwa macho matupu.

KUHESABU HUFUNDISHWA KWA KUNDE

Hapa ndipo watu huona haya. Ndege mia tatu wanatembea, wanaruka, wanachanganyikana, utawahesabuje? Njia ipo, na mnaweza kuijaribu mkutanoni kabla ya kutoka.

Chukueni kunde au maharagwe makavu. Mmoja amwage konzi mbili juu ya mkeka, wengine watazame muda wa kuvuta pumzi tano, kisha afunike kwa kitambaa. Kila mtu aandike alivyokisia. Halafu hesabuni kweli. Mara ya kwanza karibu wote watasema pungufu, wengine kwa nusu nzima. Rudieni. Sasa fanyeni hivi: hesabu kumi za kweli pembeni, angalia zile kumi zinachukua nafasi gani kwenye mkeka, kisha pima kwa jicho nafasi hiyo inaingia mara ngapi kwenye fungu lote. Baada ya mara nane au tisa mtashangaa. Ndivyo wanavyofanya hata wale wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa Nature Kenya, wanaohesabu ndege wa majini kila Januari.

Pale ufuoni, watu wawili wahesabu kila mmoja kwa siri, kisha walinganishe. Mmoja akisema 80 na mwingine 95, andikeni zote mbili. Msichukue ya katikati ili kupatanisha watu. Na msione aibu kuandika "hatukuwaona" au "sifuri." Sifuri ya mwaka huu inaweza kuwa habari kubwa kuliko mia mbili za mwaka jana.

DAFTARI

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na penseli, kwa sababu wino hulia ukipata mvua. Kila safari ianze ukurasa mpya. Juu andikeni tarehe, mahali mliposimama, saa ya kuanza na kumaliza, maji yalikuwaje, na majina ya waliokuwapo. Kwa mfano:

"Jumamosi. Mahali: chini ya mbuyu, kando ya njia ya mitumbwi. Saa nane hadi saa kumi kasorobo. Maji yanapanda. Upepo kidogo. Watu tisa. Ndege wa kaa: 42 (mwingine asema 45). Sululu: 17. Vitwitwi wenye kifua chekundu: kama 120, nusu yao bado kijivu. Ndege mmoja hatumjui: mdogo, miguu ya rangi ya chungwa, mdomo umepinda kwenda JUU, anakimbia sana. Mbwa wawili walifukuza ndege saa tisa, wote wakaruka."

Tazameni huyo wasiyemjua. Hawakumpa jina la kubahatisha. Wameandika miguu, mdomo na tabia, na kwa maelezo hayo mtu mwenye kitabu atamtambua mara moja. Jina la kukisia linaharibu daftari, na maelezo ya kweli hayaharibu. Tumieni pia majina ya lugha zenu. Wazee wana majina ya ndege ambayo hayamo katika kitabu chochote, na wakiondoka nayo yameondoka. Andikeni jina, na aliyelitaja.

Rudini mahali pale pale, maji yakiwa vile vile. Hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Hesabu ya leo chini ya mbuyu na hesabu ya mwezi ujao kwenye daraja hazilinganishiki hata kidogo, hata kama zote ni sahihi. Mahali pamoja, majira yale yale, mwaka baada ya mwaka. Tuseme mara tatu: katikati ya Machi, mwanzo wa Aprili, mwisho wa Aprili. Mtaona wekundu unavyopanda, halafu siku moja ufuko mtupu.

Vijana wenye simu wanaweza pia kupeleka habari zao kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza mwaka 2013 na kupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote. Ni jambo jema, lakini lisichukue nafasi ya daftari. Simu huanguka majini. Tena daftari linaweza kuwekwa mezani mbele ya chifu.

WALIO MBALI NA BAHARI

Wanavikundi wa bara wasifunge gazeti. Kwenu pia wageni wanaondoka. Mbayuwayu wenye koo jekundu wanajipanga kwenye nyaya za umeme mwezi huu, na kufikia mwisho wa Aprili watakuwa wachache sana. Wale wembamba wa manjano wanaofuata ng'ombe malishoni nao wanang'aa zaidi kila wiki, kisha ghafla ng'ombe wako peke yao. Angalieni juu asubuhi mwisho wa Machi na Aprili. Mkisikia sauti laini ya "prruu, prruu" kutoka angani, ni keremkerem wa Ulaya wanapita kwa makundi. Na kwenye mikorosho na miembe kuna kijindege cha kijani-manjano chenye uzito wa gramu kumi hivi, uzito wa vijiko viwili vya sukari. Miezi yote amekuwa kimya, Machi anaanza kuimba, wimbo unaoshuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Anafanya mazoezi. Kwao ni misitu ya kaskazini mwa Ulaya na Asia.

Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege wadogo wasafiri usiku wa ukungu, kuwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Hivyo ndivyo tulivyojua wengi wao wanatoka wapi. Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, usiitupe. Andika namba yote, tarehe na mahali, na upeleke habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Inaweza kuwa ndege aliyevishwa pete Urusi, na wewe ndiwe unayemaliza hadithi yake.

Tena, wengine wakienda wengine wanakuja. Kwenye mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, kuanzia Aprili hufika ndege kutoka Bukini, ambako baridi yao ndiyo inaanza. Nyumba ya wageni haikai tupu. Kwa hiyo daftari lisifungwe Mei.

MBWA, MANATI NA MTUMBWI

Ndege anayejiandaa kusafiri hujaza mafuta chini ya ngozi mpaka uzito wake unaongezeka kwa nusu nzima au zaidi. Mafuta hayo ndiyo petroli yake, na hakuna kituo juu ya jangwa. Maji yakijaa hana pa kula, kwa hiyo hupumzika. Sasa mbwa akija mbio, ndege wote wanaruka, wanazunguka, wanatua. Dakika kumi baadaye watoto na manati, wanaruka tena. Kila kuruka ni mafuta yanayochomwa. Hakuna aliyeuawa, na watu watasema hakuna ubaya uliotendeka. Lakini ndege aliyeondoka na tangi lisilojaa huanguka mahali ambapo hatutamwona.

Kikundi kinaweza kufanya kitu hapa bila kungoja mfadhili. Zungumzeni na wenye mitumbwi na wachimba chambo mpatane sehemu moja tu, ile wanayolala ndege maji yakijaa, ipumzishwe saa mbili hivi za maji makuu mwezi wa Machi na Aprili. Hakuna anayechimba chambo wakati huo hata hivyo, kwa sababu tope liko chini ya maji. Mbwa wafungwe. Kuhusu manati, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ipo, lakini tumeona kijana aliyepewa darubini kwa dakika kumi anabadilika upesi kuliko aliyetishwa na askari. Mpeni kazi ya kuhesabu. Macho ya mlenga manati ni makali kuliko ya mwenyekiti.

Kwa wale wanaotaka msingi wa Maandiko, someni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na 7. Ni sheria ya kiota: aliyekuta ndege na makinda asimchukue mama. Mkulima wa zamani aliruhusiwa kula, lakini hakuruhusiwa kumaliza mbegu. Halafu rudini kwenye habari ya yule ndege wa kaa na yai lake moja.

"TUTAPATA NINI?"

Swali hili litaulizwa kabla ya sala ya kufunga, kwa hiyo tulijibu. Mwaka wa kwanza hamtapata fedha. Anayewaambia watalii watapanga foleni kwa sababu mna daftari anawadanganya.

Lakini mambo mawili yametokea katika kaunti hii hii ya Kilifi. Mwaka 2001 A Rocha Kenya walianzisha mpango wa kuwatumia wageni wanaokuja kuona msitu na Mida kusaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vya jirani. Palijengwa njia ya mbao na kamba kati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege, na mgeni alilipia kupita. Watoto walisoma kwa sababu ya tope hilo linaloitwa tupu. Waliowaongoza wageni walikuwa vijana wa hapo hapo, na walichokuwa nacho kilikuwa kujua: ndege gani, yuko wapi, maji yakiwaje.

La pili ni la Dakatcha, kaskazini ya Mida, upande wa Magarini. Kuna mnana wa manjano na mweusi ambaye duniani kote yuko Kilifi peke yake, Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa miaka mingi wataalamu walimjua, wakamchora vitabuni, lakini hakuna aliyejua anajenga kiota wapi. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana kwenye kinamasi cha msimu chenye ndago, kule Dakatcha, na waliokuwa katika kazi hiyo ni pamoja na watu wa kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi msitu huo. Kabla ya hapo kinamasi kile kilikuwa dimbwi tu la kupita. Siku hizi mtu akitaka kukikausha atajibiwa kwa tarehe na hesabu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika eneo lenu ni mahali gani watu hupaita "patupu"? Mwezi wa Machi huwa pana nini pale? Nani kati yenu hupita hapo kila siku na anaweza kujibu kwa kweli?

Mzee au mama gani kijijini anajua majina ya ndege kwa lugha yenu? Nani ataenda kumwona kabla ya mkutano ujao, na ataandika?

Bamvua inayofuata inaangukia Jumamosi gani? Kama haiangukii Jumamosi, mtaweza kutoka siku ya kazi, au mtangoje wiki mbili?

Kama ufuko wenu unatumiwa na wavuvi, mtazungumza nao kabla ya kutoka au baada? (Tunashauri kabla. Watu kumi na darubini ufuoni bila taarifa huleta uvumi wa ploti.)

Daftari litawekwa kwa nani, na mwenye kuliweka akihama au akifariki litakwenda kwa nani? Andikeni jina hilo kwenye jalada la ndani leo.